Anza na Kioo

Mtu anayeingia duka la kompyuta Kariakoo au Luthuli Avenue akitafuta kompyuta mpakato ya bei nafuu ya kuhariria picha hukutana na maswali yale yale: unataka Core i ngapi, RAM ngapi, diski ya ukubwa gani? Kuhusu kioo hutajwa inchi tu, 14 au 15.6, na mazungumzo yakaishia hapo. Nadhani mpangilio huo umekaa kichwa chini miguu juu. Kwa mtu ambaye kazi yake ni rangi na mwanga, fedha kidogo aliyonayo itangulie kwenye kioo, RAM ifuate, na kasi ya prosesa ije baadaye. Prosesa dhaifu hujitangaza yenyewe. Programu inakwama, picha inachelewa kufunguka, mhariri anakasirika, lakini kazi inayotoka mwishoni ni ile ile ambayo ingetoka kwenye mashine ya kasi. Kioo kibovu hakijitangazi. Mhariri hulitazama kosa kupitia kioo kile kile kilicholizaa, hurekebisha hadi macho yake yaridhike, kisha humkabidhi mteja picha iliyoharibika akiamini ameitengeneza. Ni kama fundi cherehani anayepimia tepu iliyovutika: umakini wake wote hauwezi kuliokoa vazi.

Jicho la binadamu lina aina tatu za koni, yaani seli zinazotambua rangi, na kioo cha kompyuta kinatumia ukweli huo huo kwa kuchanganya taa tatu ndogo katika kila pikseli: nyekundu, kijani na buluu. Mwaka 1931 Tume ya Kimataifa ya Mwangaza, CIE, ilichora ramani ya rangi zote ambazo mtu wa kawaida anaweza kuziona, na tangu hapo kila kioo kinaweza kupimwa kwa sehemu ya ramani hiyo kinayoweza kuifikia. Sehemu hiyo ndiyo wigo wa rangi. Mwaka 1996 kampuni za HP na Microsoft zilipendekeza wigo mmoja wa kawaida uitwao sRGB, ukapitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1999, na hadi leo picha isiyo na maelezo mengine huchukuliwa kuwa imeandikwa kwa sRGB. Sasa tazama karatasi ya vipimo ya kompyuta nyingi za bei ya chini: utakuta maneno “45% NTSC”. NTSC hapa ni wigo wa televisheni ya rangi ya Marekani wa mwaka 1953, na asilimia 45 ya wigo huo ni takribani theluthi mbili tu ya sRGB. Kioo kinachokaribia sRGB yote huandikwa “72% NTSC” au “100% sRGB”. Tofauti hiyo ya tarakimu, ambayo wauzaji wengi huiruka, ndiyo inayoamua kama kitenge chekundu kitaonekana chekundu au kitapauka na kuelekea rangi ya chungwa. Mhariri anayekiona kimepauka huongeza ukolezi wa rangi. Picha ikifika kwenye kioo cha kweli, kitenge kinawaka kama moto na nyuso zilizokizunguka zimeiva kupita kiasi.

Wigo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni jinsi kioo kinavyogawanya mwanga kutoka weusi hadi weupe, na hapa suala linatuhusu sisi kwa namna ya pekee. Vioo vya bei rahisi zaidi ni vya aina ya TN, na vingi vyake hutumia biti 6 kwa kila rangi, yaani ngazi 64, ambazo zikichanganywa hutoa rangi 262,144. Kioo cha biti 8 kina ngazi 256 kwa kila rangi, na jumla yake ni zaidi ya milioni 16.7. Vioo vya biti 6 hujazia pengo hilo kwa kupepesa ngazi mbili jirani kwa haraka ili jicho lione ya katikati, na mara nyingi hufaulu. Lakini TN ina udhaifu ambao ujanja huo hauutibu: mwanga wake hubadilika kwa pembe. Inamisha kioo mbele kidogo na uso wa mtu mweusi unang’aa, kiinamishe nyuma na uso huo huo unazama kwenye giza. Juu ya kioo na chini yake haviko kwenye pembe moja na macho ya mtazamaji, kwa hiyo hata akitulia, bibi harusi aliye juu ya picha na aliye chini yake hawaoneshwi kwa mizani moja. Ngozi nyeupe hukaa katika ngazi za juu, ambako mabadiliko haya hayaonekani sana. Ngozi nyeusi hukaa chini, pale hasa ambapo TN husema uongo mkubwa zaidi.

Tatizo hilo lina historia. Maabara za kusafisha picha za Kodak zilisawazisha rangi kwa miongo mingi kwa kutumia kadi zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mweupe, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha ngozi zote. Mtafiti Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, Kanada, alieleza mwaka 2009 kwamba miongoni mwa waliosukuma mabadiliko ya filamu walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba rangi za kahawia za bidhaa zao hazitofautiani kwenye picha. Vihisi vya kamera za kidijitali vimeondoa sehemu kubwa ya upendeleo huo, ila havijaondoa hesabu yake. Kihisi huhesabu mwanga kwa mstari mnyoofu: katika faili la RAW la biti 14 lenye ngazi 16,384, nusu nzima ya ngazi, 8,192, hutumika kwa stopu (hatua ya kuongeza mwanga maradufu) moja tu iliyo angavu kuliko zote. Stopu inayofuata ina 4,096, kisha 2,048, na kuendelea kupungua. Harusini mpigapicha hulinda shela jeupe lisiungue, na uso wa bibi harusi hujikuta stopu mbili au tatu chini yake, mahali penye ngazi chache. Kazi ya mhariri ni kuuinua uso huo bila kuutia majivu, bila kufuta mng’ao wa mashavu, bila kuupa wekundu usiokuwapo. Kazi hiyo haiwezi kufanywa kwenye kioo ambacho hakioneshi tofauti ya ngazi mbili za kahawia iliyokolea. Ndiyo maana nasisitiza kioo cha IPS, teknolojia ambayo Hitachi iliiingiza sokoni mwaka 1996 na ambayo hutunza rangi hata kioo kikitazamwa kutoka pembeni. Vioo vya OLED navyo vina weusi wa kweli, ingawa vingi hukoleza rangi hadi mtumiaji achague hali ya sRGB kwenye mipangilio.

Ugumu ni kwamba jina la kompyuta halitaji kioo chake. Lenovo ThinkPad T480 ya mwaka 2018, inayopatikana kwa wingi kwa wauzaji wa mashine zilizotumika, ilitoka kiwandani na vioo vya aina tatu: cha TN cha pikseli 1366 kwa 768, cha IPS cha 1920 kwa 1080, na cha IPS cha 2560 kwa 1440. Hata hicho cha katikati, pamoja na kuwa IPS, kina wigo finyu. Kwa hiyo neno IPS peke yake halitoshi, na kuambiwa “hii ni T480 safi” ni kuambiwa nusu ya jambo. Njia ya uhakika ni kusoma namba ya kioo chenyewe kwenye orodha ya vifaa ndani ya Windows, au kwa programu ya bure kama HWiNFO, kisha kuitafuta intaneti uone wigo, mwangaza na idadi ya biti. Njia ya macho nayo inasaidia. Nenda dukani na flashi yenye picha zako mwenyewe ambazo tayari umeziona zikichapwa vizuri, pamoja na picha ya mteremko wa kijivu kutoka weusi hadi weupe. Kioo kikimeza ngazi za chini, au mteremko ukikatika vipande kama ngazi za nyumba, au sura zikibadilika unapoinuka kwenye kiti, basi hata kama mashine ina sifa nyingine zote, haikufai.

Bajeti ikiwa ndogo, naona kompyuta ya ofisi iliyotumika ina nafasi kubwa kuliko mpya ya bei ya chini. Mashine mpya ya bei ya chini hupunguza gharama mahali mnunuzi asipotazama, na hapo ni kwenye kioo, na mara nyingi RAM huwa imelehemiwa kwenye bodi isiongezwe tena. Mashine za kampuni zinazofika kwetu kutoka Ulaya, Marekani na kupitia Dubai zilikuwa ghali zilipokuwa mpya, na baadhi zilinunuliwa na vioo bora. Mstari wa kukumbuka ni kizazi cha nane cha Intel. Core i5-7200U ya kizazi cha saba ina viini viwili, wakati i5-8250U iliyotoka mwaka 2017 ina vinne kwa matumizi yale yale ya umeme. Pia Windows 11 inakubali rasmi kuanzia kizazi hicho, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kuhusu RAM, hesabu inajieleza: picha ya megapikseli 24 ikifunguliwa kwa biti 16 kila rangi huchukua baiti milioni 144 kwa leya moja. Leya kumi ni karibu GB 1.5 kabla ya programu kutunza historia ya hatua zako, na Windows yenyewe pamoja na kivinjari tayari vimeshika sehemu kubwa ya GB 8. Kwa hiyo GB 16 ndicho kiwango cha kustarehe, na mashine yenye nafasi mbili za RAM, kama T480, inaweza kuanza na 8 na kuongezwa baadaye. Diski iwe SSD, na picha za zamani zikae kwenye diski ya nje. Hakikisha pia mashine haina nywila ya BIOS wala kufuli la kampuni ya zamani, na uichukulie betri kuwa gharama ya pili.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni la simu. Wateja wengi hutazama picha kwenye simu, zimepita WhatsApp na kubanwa, na simu zenyewe hazifanani, kwa hiyo usahihi wa nini? Nalichukulia kwa uzito, lakini linaelekea upande wangu. Simu hutofautiana huku zikizunguka kiwango kile kile: moja inakoleza, nyingine inapoa, nyingine ina umanjano. Picha iliyo sahihi itapotoka kidogo huku na kidogo kule. Picha iliyohaririwa kwenye kioo kinachopausha wekundu itapotoka upande mmoja kwenye simu zote, na kwenye albamu pia. Wengine watasema histogramu inatosha, kwa kuwa namba hazidanganywi na kioo. Ni kweli kwamba histogramu hufichua weupe ulioungua, na kipima pikseli huonesha uwiano wa rangi za ngozi, na kila mhariri ajifunze kuvitumia. Ila histogramu haijui shavu liko wapi wala kivuli cha kofia kiko wapi, na haiwezi kukwambia mpaka wa sehemu uliyong’arisha umeonekana kama doa.

Mwenye studio isiyohama ana njia nyingine nzuri: anunue mashine ya kawaida na kuiunganisha na kioo cha mezani cha IPS chenye sRGB kamili, ambacho mara nyingi ni nafuu kuliko kupanda daraja la kompyuta. Umeme ukikatika kioo hicho huzima, na kwa anayefanya kazi safarini hakifai. MacBook Air ya M1 ya Novemba 2020 nayo ina kioo chenye wigo mpana kuliko sRGB, na ikipatikana kwa bei unayoifikia ni chaguo la kweli, mradi ukumbuke kwamba RAM yake, GB 8 kwenye toleo la chini, haiongezeki kamwe. Kompyuta za michezo ndizo ningewaonya wapigapicha nazo zaidi. Kadi yake ya michoro ni kubwa, namba ya 144Hz inavutia, na nyingi za bei ya chini zina kioo kile kile cha 45% NTSC.

Kifaa cha kupimia rangi kinaweza kununuliwa na wapigapicha kadhaa kwa pamoja, kwa kuwa kila kioo hukihitaji mara chache tu kwa mwaka, na programu ya DisplayCAL inayokiendesha ni ya bure. Kifaa hicho hunyoosha weupe na mteremko wa kijivu, lakini hakiwezi kuzaa rangi ambazo kioo hakina, na hiyo ni sababu nyingine ya kuanza na kioo chenyewe. Kabla ya hapo lipo rekebisho lisilo na gharama. Malalamiko kwamba picha zimetoka na giza maabara mara nyingi huanzia kwenye kioo kilichowekwa mwangaza wa juu mno: mhariri huona picha inang’aa, anaipunguza, na karatasi, isiyo na taa nyuma yake, inatoa kile alichokiandika. Kwa kazi ya kuchapa, niti 80 hadi 120 zinatosha. Asiye na kipimo aweke karatasi nyeupe kando ya kioo katika mwanga wa chumba, ashushe mwangaza hadi vilingane, azime hali ya usiku inayotia umanjano na ile inayobadilisha mwangaza yenyewe, kisha ageuze meza ili dirisha lisimulike kioo.