Nyumba Yenu Mliinunua Mwaka Gani?

Swali lenyewe ni fupi: nyumba mnayoishi mliinunua mwaka gani, kwa bei gani, na leo ina thamani gani? Limo kwenye CSS Profile, fomu ambayo vyuo vikuu vingi ghali vya Marekani hutumia kupima uwezo wa mzazi wa kulipa kabla ya kumpa mtoto msaada wa fedha. Niliisoma begani mwa mwalimu mmoja wa Eldoret anayewasaidia vijana kuijaza, na swali hilo halijanitoka.

Nyumba haikununuliwa, anaeleza. Shamba ni la babu, na hatimiliki ingali na jina la marehemu. Chumba cha kwanza kilijengwa mahindi yalipokubali. Mabati yakaja ng'ombe alipouzwa. Jiko hadi leo ni la udongo. Uandike mwaka upi? Ukijaza sifuri kila mahali, wakaguzi watajiuliza familia hii inakula nini. Kwa hiyo yeye huanza na mama mtu: magunia mangapi yaliuzwa, mangapi yalibaki ghalani, maziwa lita ngapi kwa siku, nani hutuma M-Pesa kutoka Nairobi. Hayo yote huyaandika kwenye nafasi ya maelezo, na barua ya chifu huwekwa tayari. Sharti lake ni moja: usipunguze, usiongeze.

Fedha zipo. Princeton iliondoa mikopo kwenye msaada wake mwaka 2001, ikaweka ruzuku. Harvard, ambako gharama za mwaka hupita dola 80,000, ilitangaza mwaka 2025 kwamba familia yenye kipato kisichozidi dola 100,000 na mali ya kawaida haitalipa kitu. Ila vyuo vinavyomchagua mgeni bila kutazama mfuko wake ni vichache, vikiwemo hivyo viwili, Yale, MIT na Amherst. Kwingi, kuomba msaada kunaweza kumkosesha nafasi hata mwenye alama safi.

Kinachomuumiza mwalimu zaidi ni fomu ya mzazi wa pili, yule asiyeishi na mtoto. Baba aliyehamia boma lingine hataki kumtajia mtu kipato chake, sembuse chuo cha ng'ambo. Chuo kinaweza kusamehe fomu hiyo, lakini kwa kawaida hutaka mtu asiye wa familia athibitishe kwamba baba huyo hayumo maishani mwa mtoto. Mara nyingi mtu huyo ni mwalimu. Naye athibitishe nini kuhusu baba anayekutana naye sokoni kila Jumamosi?