Sitroneli: ya chai ndiyo, ya malaria hapana

Pita asubuhi katika kartie za Goma: harufu ya sitroneli itakufikia kabla hujaona sufuria. Wengine wanaiita mchaichai. Asili yake ni Asia, lakini leo ni jani letu. Inanukia limao kwa sababu mafuta yake, sitrali, yako pia katika ganda la limao.

Kuipanda hakuna shida, haiombi mbegu. Ng'oa mashina mawili yenye mizizi, uyatie katika udongo. Kama parsele yako ni mawe ya volkano tupu, ndoo ya zamani iliyotobolewa chini inatosha.

Kwa chai, funga majani yawe kama fundo, uchemshe, kisha utoe. Usiache vipande ndani. Kingo zake zinakata. Na ile sehemu nyeupe ya chini usiitupe, mama. Iponde, uipike na kitunguu, nyanya na samaki. Watu wa Thailand wanaitia katika supu yao tangu zamani.

Wazee wetu wanainywa kwa gesi ya tumbo, mafua na kukosa usingizi. Ni vema. Lakini sikia: Goma wengi wanachota maji ya Ziwa Kivu. Mwaka 1994 kipindupindu kiliua maelfu na maelfu ya wakimbizi hapa. Maji yakichemka kweli, vijidudu hivyo vinakufa. Basi faida moja kubwa ya chai hii inatoka kwa moto! Ndiyo maana usiongeze maji mabichi ili kuipoza. Ngoja ipoe yenyewe.

Sasa mtoto ana homa. Unamnywesha sitroneli, anatoka jasho, mwili unapoa, unafurahi. Kumbe vijidudu vya malaria vinaendelea kuzaana katika damu. Mtoto mdogo anaweza kufa kwa siku moja au mbili tu. Mpeleke kituo cha afya siku ileile, wapime damu. Kumfukiza chini ya blanketi na sufuria ya moto pia acha: watoto wanaungua.

Je, tunadharau majani? Hapana. Kinini inatoka katika ganda la mti wa kinkina, unaolimwa huku Kivu. Dawa ya malaria ya leo ilianzia katika mmea wa China, artemisia. Mama Tu Youyou alipata tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Lakini kidonge kimepimwa kiasi chake. Sufuria yako haipimi.

Nawe kijana wa Rubaya au Walikale, unayeshinda ndani ya shimo la madini: chai hii italainisha koo. Kikohozi kikipita wiki mbili, usingoje, nenda upimwe kifua kikuu.

Panda sitroneli. Kunywa, pika, furahia. Ila njia ya kituo cha afya isiote majani.