Istilahi za Mchezo wa Vita vya Sanamu: Ulaya ya Mwanzo wa Karne ya 18

Mfasiri akikabidhiwa kitabu cha sheria za mchezo hudhani kwamba kazi yake itakuwa nyepesi, maana mchezo ni mchezo. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba sivyo ilivyo, na tutauchukua mfano wa mchezo mmoja ambao maandishi yake ni mengi na istilahi zake ni ngumu kuliko zinavyoonekana: mchezo wa kuigiza mapigano mezani kwa askari wadogo wa sanamu. Tutajifunga katika kipindi kimoja tu, yaani miaka ya Vita vya Urithi wa Hispania (1701-1714) na Vita Kuu vya Kaskazini (1700-1721). Tutamfuata mtu anayeanza, tukitazama ni neno gani litamwongoza na ni lipi litampoteza.

Mchezo wenyewe una nasaba ndefu. Mwaka 1824 afisa wa Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa kanuni za kufundishia maafisa juu ya ramani. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha kitabu chake cha vita vidogo vya sebuleni. Ama kuhusu karne ya 18, waliouvuta mchezo huku ni Peter Young na J. P. Lawford kwa kitabu chao cha mwaka 1967, na Charles Grant kwa kitabu chake cha mwaka 1971. Jina la 'mchezo wa vita' peke yake halitoshi, kwa kuwa majeshi nayo huwa na mazoezi ya kivita bila ya sanamu hata moja. Kwa hiyo tunapendekeza 'mchezo wa vita vya sanamu', na mahali ambapo habari imekwisha fahamika, 'mchezo' litatosha.

Askari mmoja mmoja tumwite nini? 'Mwanasesere' ni wa kuchezewa na mtoto, na 'kinyago' kina mila zake. 'Sanamu' lafaa, hata kama askari huyo ana urefu wa kidole. Lakini mchezaji hasogezi sanamu moja moja. Huzigandisha kwa gundi, nne au tano, juu ya kibao kimoja chembamba, na kibao hicho husogezwa, hupigwa na huondolewa mezani kama kitu kimoja. Kitu cha namna hiyo tunacho tangu zamani katika bao na katika dama, nacho ni kete. Basi sanamu ni umbo, kibao ni kitako chake, na kete ni vyote viwili vikiwa vimekusanyika mchezoni. Anayeliandika neno 'sanamu' kwa yote matatu atamfanya msomaji aondoe askari mmoja mahali palipotakiwa kuondolewa watano.

Tukifika kwenye vipimo ndipo hasara ya fedha inapoingia. Waingereza hutumia neno moja kwa mambo matatu yaliyo mbali mbali, na mfasiri anayeandika 'skeli' kila alionapo neno hilo anamwachia mnunuzi fumbo. Jambo la kwanza ni ukubwa wa sanamu: zipo za milimita 28, za milimita 15, na za milimita 6. Hili tuliite 'kimo'. La pili ni idadi ya watu halisi wanaowakilishwa na sanamu moja. Hili ni 'uwiano'. La tatu ni masafa ya uwanja yanayowakilishwa na masafa ya meza, na hapa tu ndipo 'skeli' inapostahili.

Tuchukue batalioni ya watu 600. Kwa uwiano wa 1 kwa 30 zahitajika sanamu 20, yaani kete 4 za sanamu tano tano. Watu hao wakisimama kwa safu tatu, kila safu ina watu 200, na mstari wote huwa na urefu wa mita 150 hivi. Kwa skeli ya milimita 1 kwa mita 1, mstari huo utachukua sentimita 15 za meza. Angalia sasa: sanamu yenye kimo cha milimita 28, ikipimwa kwa skeli hiyo hiyo, ni mtu wa mita 28, mrefu kuliko minazi mingi! Wachezaji wanajua hivyo na hawajali, kwani kimo huchaguliwa kwa ajili ya macho na skeli kwa ajili ya mapigano. Lakini msomaji aliyepewa neno moja kwa yote mawili atadhani kitabu kina makosa ya hesabu. Anayeanza na meza ya sentimita 180 kwa 120 hupata nafasi nzuri kwa kimo cha milimita 15; anayependa kupaka rangi kwa makini huchagua 28 na kukubali batalioni chache.

Sasa tuingie katika jeshi lenyewe. Neno 'kikosi' limebebeshwa mzigo mkubwa: ni la askari, ni la polisi, ni la timu ya mpira. Majeshi ya kipindi hiki yalihesabiwa kwa vipimo viwili, batalioni kwa askari wa miguu na skwadroni kwa askari wa farasi. Katika mapigano ya Blenheim, mwaka 1704, batalioni 27 za Kifaransa zilisongamana ndani ya kijiji hicho hata zikashindwa kupigana sawasawa, na mwishowe zikasalimu amri. Mfasiri akiandika 'vikosi 27' msomaji hatajua kama ni watu elfu kadhaa wa miguu au farasi. Kwa sababu hiyo tunashauri batalioni na skwadroni zibaki kama zilivyo, na 'kikosi' liwekwe kwa kundi lolote ambalo aina yake haijatajwa.

Neno lenye mtego zaidi ni 'platuni'. Mwalimu na mtumishi wa leo wanalijua: ni kundi la kudumu lililo chini ya luteni, ndani ya kombania. Mwaka 1704 haikuwa hivyo. Askari wa Kiingereza alilipwa, alilishwa na kuadhibiwa ndani ya kombania yake. Lakini batalioni ilipojipanga kupigana, mstari wote uligawanywa upya kuwa platuni kumi na kadhaa zilizo sawa, bila ya kujali sana mipaka ya kombania. Platuni hizo zilipangwa katika mikupuo mitatu, na platuni za kila mkupuo zilikuwa zimetawanywa katika mstari mzima. Mkupuo wa kwanza ukifyatua, wa tatu una bunduki zilizojaa, na adui hapati nafasi ya kukaribia. Wafaransa walifyatua kwa safu. Tofauti hii ndiyo inayowapa Waingereza na Waholanzi nyongeza ya dadu katika sheria nyingi za mchezo, na msomaji anayefikiria platuni ya leo hataona nyongeza hiyo imetoka wapi. Hatuna neno jingine la kupendekeza. Tunachotaka ni kwamba mfasiri aeleze maana yake lijapo mara ya kwanza.

Katika silaha, kinyume chake, hatuna haja ya kukopa. Bunduki za namna hii zilifika pwani yetu zikapata majina. Ile ya kuwashwa kwa utambi ni bunduki ya mrao. Ile ya kugongesha jiwe ni bunduki ya gumegume. Siku hizi 'gumegume' husikika zaidi katika kumdharau mwanamume asiyefaa kitu, lakini maana ya asili ni jiwe hilo la kutolea moto, na bunduki yake ndiyo hasa iliyotawala Ulaya katika kipindi tunachokieleza. Mti wa kushindilia baruti ni mdeki. Kisu cha kuchomekwa bunduki ni singe, ila singe zilikuwa za namna mbili. Ya kale ilitiwa ndani ya mdomo wa bunduki, na ikiwamo humo haiwezekani kufyatua. Hii tuiite 'singe ya kuziba'. Ya baadaye ilivikwa nje ya mdomo kwa pete, na askari akaweza kufyatua na kuchoma. Hii ni 'singe ya pete'. Kuenea kwa singe ya pete ndiko kulikoondoa mikuki mirefu: Ufaransa iliiacha mwaka 1703. Waswidi walikuwa bado nayo Poltava mwaka 1709, kwa hiyo anayekusanya jeshi la Uswidi lazima anunue askari wa mikuki, na anayekusanya la Ufaransa la mwaka huo hawahitaji.

Kwa mwendo wa farasi yapo maneno ya Kiswahili mazuri yanayosahauliwa. Wapanda farasi wa Marlborough walishambulia kwa mwendo wa matiti, panga mkononi. Wa Mfalme Karl XII wa Uswidi walishambulia kwa shoti, wamebanana goti nyuma ya goti. Mwalimu asisite kulitumia 'matiti' darasani kwa sababu ya maana yake nyingine. Askari apandaye farasi kwa safari lakini awezaye kupigana kwa miguu tumwite 'draguni', si 'dragoni', jina litakalowavuta wengine waandike joka. Huko Blenheim madraguni wa Kifaransa walipigana bila farasi, nyuma ya boma la mikokoteni baina ya kijiji na mto Danube. Kwa hiyo mchezaji huhitaji sanamu zao za namna zote mbili.

Sheria nyingi huipima pia hali ya batalioni iliyopigwa, kama itasimama au itakimbia. Wengine huandika 'ari'. Kwetu sisi ari ni shauku ya kabla ya kazi. Kinachopimwa hapa ni kutotikisika wakati wenzako wanaanguka. 'Uthabiti' ni neno sahihi zaidi.

Rangi za makoti hazina matatizo: nyekundu kwa Waingereza, kijivu cheupe kwa Wafaransa wengi, samawati kwa Bavaria, buluu na njano kwa Waswidi. Anayeanza na batalioni nne na skwadroni mbili za kila upande anaweza kucheza jioni nzima.

Limebaki suala la tarehe. Uingereza ilishika kalenda ya kale hadi 1752, nyuma kwa siku 11, hata Blenheim ikaandikwa 2 Agosti kwao na 13 Agosti kwa jirani zao. Uswidi, baina ya 1700 na 1712, ilikuwa na kalenda yake peke yake, ikitangulia ile ya kale kwa siku moja. Ndiyo sababu Poltava ina tarehe tatu: 27 Juni kwa Warusi, 28 Juni kwa Waswidi, na 8 Julai kwa kalenda tunayoitumia leo. Mfasiri aandike hiyo ya mwisho, na aitaje ile ya kale pale tu ambapo hati anayoifasiri imeitumia.