Kesi ya Pembe Huanzia Njiani Koboko

Pikipiki ikisimamishwa usiku kati ya Oraba na mji wa Koboko, na ndani ya gunia la muhogo mkavu zikaonekana pembe za ndovu, askari wengi hudhani kwamba kazi imekwisha. Mtu amekamatwa, mali imepatikana, kilichobaki ni jela. Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza, na atakayeibeba ni mtu ambaye hakuwapo njiani usiku ule, asiyeshika bunduki wala kuvaa sare: mwanasheria wa Serikali anayesimamia kesi za wanyamapori na mapori ya hifadhi.

Wilaya ya Koboko, iliyoundwa 2005, imekaa pale ambapo Uganda, Sudan Kusini na Kongo zinakutana. Ng'ambo ya mpaka, ndani ya Kongo, ipo Hifadhi ya Taifa ya Garamba iliyoanzishwa 1938. Katika miaka ya 1970 tembo wa Garamba walikadiriwa kuzidi 20,000. Hesabu za miaka ya karibuni zinataja elfu moja na mia chache tu. Pembe za hao waliopotea hazikutembea zenyewe. Zilibebwa na watu, na njia za watu katika pande hizo huingia Koboko, au Arua kupitia Vurra, kisha hushika barabara ya Pakwach kuelekea Kampala.

Wanasheria wanaoshughulikia mambo hayo hawana bwana mmoja. Mashtaka ya jinai yako mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, kwa mujibu wa Ibara ya 120 ya Katiba ya 1995. Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, iliyoundwa 1996, inao wanasheria wake, ambao huendesha mashtaka kwa idhini ya Mkurugenzi huyo. Kesi za madai dhidi ya Serikali hujibiwa na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ambaye ana ofisi mjini Arua.

Jalada likifika mezani, jambo la kwanza analolitafuta mwanasheria si ukubwa wa pembe. Anatafuta safari yake. Nani aliitoa katika gunia? Ilitiwa alama gani, na mbele ya nani? Ilipimwa uzito wapi? Ililala chumba gani usiku ule, na ufunguo ulikuwa kwa nani? Aliyeipokea asubuhi alitia sahihi? Hakimu haoni njia ya Oraba. Anachokiona ni kitu cheupe mezani, na mtetezi wa mshtakiwa anayeuliza kwa sauti ya upole kama kweli ndicho kilekile. Pengo la siku mbili katika maandishi latosha kuivunja kesi ya miezi kumi.

Jambo hilo si la kubahatisha. Mnamo Novemba 2014 ukaguzi ulionyesha kwamba kilo zipatazo 1,350 za pembe zilikuwa zimetoweka katika ghala la Mamlaka yenyewe mjini Kampala. Ikiwa ghala kuu liliweza kuvuja hivyo, wakili yeyote wa utetezi ana haki ya kuuliza habari za kabati la kituo kidogo cha mpakani.

La pili ni maneno ya mshtakiwa. Mara nyingi mtu aliyekamatwa hufadhaika, akaeleza yote papo hapo, naye askari akafurahi. Lakini Sheria ya Ushahidi ya Uganda haipokei maungamo yaliyotolewa mikononi mwa polisi, isipokuwa mbele ya afisa mwenye cheo cha Mkaguzi Msaidizi wa Polisi au zaidi, au mbele ya hakimu. Konstebo aliyesikia kila kitu kando ya barabara hana alichosikia kwa macho ya sheria. Na kama palipita kofi au tishio, hata afisa mkubwa hawezi kuyaokoa maungamo hayo. Aidha, Ibara ya 23 ya Katiba inataka mtu afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Saa hizo hukimbia upesi sana pale ambapo gari la kituo halina mafuta.

Halafu kuna lugha. Mahakama huandika kwa Kiingereza. Mshtakiwa aweza kuwa Mkakwa, Mlugbara, Mnubi, mkimbizi anayesema Kiarabu cha Juba, au mchukuzi wa kutoka Kongo ajuaye Kilingala pekee. Katiba inampa haki ya mkalimani bila malipo, na mwanasheria mwangalifu humtafuta mapema. Mara nyingi Kiswahili cha kambini ndicho kinachowaunganisha askari na mtuhumiwa, lakini Kiswahili cha kuamrisha mtu akae chini hakitoshi kumweleza shitaka lenye kifungo cha maisha.

Maana adhabu imekuwa hiyo. Sheria ya Wanyamapori ya 2019 inaruhusu, kwa makosa yanayohusu wanyama walio katika hatari ya kutoweka, faini isiyozidi shilingi bilioni 20 au kifungo cha maisha, au vyote viwili. Haikubaki katika karatasi. Mnamo Oktoba 2022 mahakama maalumu ya Viwango, Huduma na Wanyamapori, iliyofunguliwa Kampala 2017, ilimfunga maisha mtu aliyekutwa na vipande viwili vya pembe visivyofika kilo kumi. Alikuwa amekwisha kutiwa hatiani kwa makosa ya namna hiyo mwaka 2017.

Hapa ndipo kazi inapokuwa nzito moyoni. Kijana wa pikipiki aliyeahidiwa ujira mdogo kulifikisha gunia Arua anasimama kizimbani chini ya sheria ileile iliyotungwa kwa ajili ya tajiri aliyempeleka. Tajiri hayumo katika jalada, wala jina lake halikuandikwa, kwa sababu usiku ule hakuna aliyeichunguza simu ya kijana kwa utaratibu. Mwanasheria wa Serikali si mlipa kisasi. Anao wajibu wa kupima ni nani mtu mdogo na ni nani mwenye mali, nani aelekezwe kuwa shahidi na nani ashtakiwe kwa uzito wote. Kesi inayomfunga mchukuzi na kumwacha mwenye mali hujaza takwimu tu.

Upande mwingine wa kazi ni ardhi. Ibara ya 237 ya Katiba yasema kwamba mapori ya hifadhi, misitu ya hifadhi, mito na maziwa vinashikwa na Serikali kwa amana kwa ajili ya wananchi wote. Kwa hiyo ofisa hawezi kumgawia rafiki yake kipande, wala mwananchi hawezi kukinunua kwa hati ya kienyeji. Pori la Ajai, lililokuwa zamani ndani ya wilaya ya Arua na sasa limo Madi-Okollo, ni mfano. Lililindwa kwa ajili ya kifaru mweupe wa kaskazini. Januari 1910 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka urais wa Marekani mwaka uliotangulia, alipiga kambi kando ya Nile katika pande hizo, naye na mwanawe Kermit wakaua vifaru weupe tisa. Huyo ndiye Wamarekani wanayemsifu kwa mbuga zao za taifa. Kwa vifaru wa Nile hakuna mahakama iliyomwuliza neno. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakubaki hata mmoja Uganda. Dume wa mwisho duniani, aliyeitwa Sudan, alikufa Kenya Machi 2018, akawaacha majike wawili.

Kwa wake na waume walioko nyumbani, sheria hii i karibu kuliko inavyodhaniwa. Kasuku wa kijivu aliyeletwa zawadi kutoka Kongo, ngozi ya chui iliyorithiwa kwa babu, magamba ya kakakuona yaliyohifadhiwa kwa dawa: kuwa navyo bila kibali ni kosa, hata kama mwenye nyumba hajawahi kuingia porini. Familia za askari wanaohamishwa kutoka mpakani yafaa zitazame mizigo yao kabla ya kupakia lori.

Na sheria ileile ina upande wa kumlinda mkulima. Sheria ya 2019 iliweka mpango wa fidia kwa mtu anayeuawa, kujeruhiwa au kuharibiwa mali na wanyama wanaotajwa humo, akiwa nje ya hifadhi. Kiboko akilifyeka shamba la mahindi usiku, mama mwenye shamba asing'oe mabua yaliyobaki kabla ya kupiga ripoti kwa ofisa wa wanyamapori aliye karibu. Nyayo zitazamwe, mimea iliyoliwa ihesabiwe, jirani aandike alichokiona. Naye akiwa na simu yenye kamera, apige picha asubuhi ileile, kabla mvua haijanyesha.