Nywila Ni Yangu, Kosa Ni la Nani?

Mnamo Agosti 2024, msichana mmoja niliyewahi kumfundisha alibisha mlango wa ofisi yangu saa kumi alasiri, simu mkononi na machozi karibu. Alikuwa akiomba nafasi ya masomo katika chuo ambacho sitakitaja, na siku hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho ya kupokea maombi. Alikuwa amekwisha kujaza fomu yote mtandaoni na kuambatisha vyeti vyake. Lililosalia lilikuwa kulipa ada ya shilingi 1,000. Kila alipobonyeza kitufe cha kulipa, ilitokea sentensi moja fupi ya Kiingereza yenye maana kwamba taarifa za kuingia si sahihi.

"Mwalimu, nimebadilisha nywila mara tatu," akaniambia, "na bado inanikataa."

Nami, badala ya kuisoma sentensi ile kama mwanaisimu, niliisoma kama mwalimu wa zamu. Nilimwambia atulie, atoke kwenye akaunti, kisha aingie upya huku akichunga herufi kubwa na ndogo. Vidole vilikuwa vikimtetemeka. Alikosea mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na ukurasa ukamfungia nje kwa saa 24. Naam, ushauri wangu ndio uliomfungia mlango, maana baadaye ilibainika kwamba nywila yake haikuwa na dosari yoyote tangu mwanzo.

Jambo ambalo wengi wetu hatulijui ni kwamba fomu ya malipo ina milango miwili. Wa kwanza ni ule tunaouona: unaandika jina na nywila, fomu inakutambua, unaingia. Wa pili hatuuoni. Unapobonyeza kitufe cha kulipa, fomu yenyewe huenda kubisha kwa mtambo mwingine uitwao lango la malipo, ambao ndio unaozungumza na benki au na M-Pesa. Lango hilo halikujui wewe. Linamjua mwenye fomu, na fomu yake sharti ijitambulishe kwa jina na ufunguo wa siri aliopewa alipojisajili. Ufunguo huo ukiwa na kasoro, lango hujibu kwamba taarifa za kuingia si sahihi. Fomu nayo, kama mtoto aliyetumwa dukani asielewe alichoambiwa, hulibeba jibu hilo jinsi lilivyo na kulitua mbele ya mlipaji. Mlipaji anaijua nywila moja tu, yake mwenyewe, kwa hiyo hudhani ndiye anayeambiwa.

Kasoro za ufunguo ni za kawaida mno. Malango ya malipo huwa na uwanja wa majaribio, ambapo mafundi hujizoeza kwa pesa zisizo pesa, na uwanja huo una funguo zake. Fundi akisahau kuzibadilisha fomu inapofunguliwa kwa umma, hakuna atakayefaulu kulipa. Wakati mwingine ufunguo mpya hutolewa, wa zamani ukafutwa, na fundi asiambiwe. Wakati mwingine ufunguo hunakiliwa pamoja na nafasi moja tupu mwishoni. Sisi wanaisimu hubishana iwapo kimya ni sehemu ya lugha, lakini kwa tarakilishi nafasi tupu ni herufi kamili kama nyinginezo. Kwa upande wa M-Pesa, programu ya mwenye fomu hutoa funguo zake mbili na kupewa kibali cha muda kinachodumu sekunde 3,600, yaani saa moja. Programu isiyokumbuka kuomba kibali kipya itafanya kazi saa mbili asubuhi na kugoma kabla ya saa nne, ilhali mlipaji hajagusa chochote.

Katika kisa chetu ilikuwa ni hiyo hadithi ya ufunguo mpya. Fundi wa chuo kile, nilipompata kwa simu kesho yake, alinieleza bila kuficha. Lakini karani wa usajili alikuwa ameshamjibu msichana kwamba kosa ni lake, na ushahidi wake ulikuwa sentensi ile ile.

Turudi basi kwenye sentensi. Taarifa za kuingia si sahihi: taarifa za nani? Kuingia wapi? Kiingereza cha mitambo hupenda nomino zisizo na mwenyewe, na tafsiri za Kiswahili tunazozisoma kwenye simu zetu aghalabu hurithi ugonjwa huo. "Ombi limekataliwa." Mwalimu yeyote wa sarufi atakueleza kwamba kauli ya kutendwa huacha nafasi ya mtenda, limekataliwa na fulani, na fulani huyo ndiye tunayefichwa. "Malipo yameshindikana" ni mbaya zaidi, kwa kuwa kauli ya kutendeka haina hata hiyo nafasi. Jambo limetokea lenyewe, kama mvua. Ilhali lugha yetu ina viambishi vya nafsi vinavyoweza kuamua kesi nzima kwa silabi moja. Umekosea. Tumekosea. Tofauti ni herufi t peke yake, na herufi hiyo ingalimwepusha msichana yule na taabu ya kubadilisha nywila mara tatu, ikaniepusha nami na ushauri wa kipumbavu.

Pengine utasema, msomaji, kwamba mitambo haijui aliyekosea ni nani. Inajua. Seva isipomtambua anayebisha hutoa nambari 401. Ikimtambua lakini isimruhusu, hutoa 403. M-Pesa nayo hurudisha kwa mwenye fomu nambari 1 iwapo salio la mlipaji halitoshi, 1032 iwapo mlipaji amekatiza mwenyewe, na 1037 iwapo simu yake haikufikiwa au hakujibu kwa wakati. Hizo ni hali tatu tofauti kabisa, na kila moja ina tiba yake: weka pesa, anza upya, au washa simu. Lakini fomu nyingi huzikusanya zote katika sentensi moja ya kushindikana. Maarifa yalikuwapo, yametupwa njiani.

Ni kweli kwamba ufichaji mwingine una sababu njema. Ukurasa wa kuingilia usipokwambia iwapo kilichokosewa ni jina au nywila, unamnyima mwizi nafasi ya kubahatisha majina ya watu. Hoja hiyo naikubali. Lakini haihusiani na mlango wa pili. Mwizi hapati faida yoyote kwa kuambiwa kwamba chuo kimeshindwa kujitambulisha kwa lango lake la malipo, ilhali mwanafunzi anapata faida kubwa.

Kwa walimu wanaowasaidia vijana kujaza fomu hizi, nitasema machache. Tazama kwanza kosa limetokea wapi. Ikiwa mwanafunzi amekwisha kuingia, amejaza kurasa zote, na kosa limejitokeza pale tu alipobonyeza kulipa, usimruhusu aiguse nywila yake. Ikiwa simu haijamwomba nambari ya siri ya M-Pesa, uwezekano mkubwa ni kwamba ombi halikumfikia, na pesa hazijaondoka. Ikiwa ameiandika nambari hiyo kisha ukurasa ukaganda, asilipe tena kabla ya kuutafuta ujumbe wenye nambari ya muamala, zile herufi na tarakimu kumi, au kuitazama taarifa ya akaunti yake. Apige picha ya skrini yenye saa na tarehe, aipeleke kwa mwenye fomu kabla ya muda kwisha, na katika barua yake aeleze kwamba aliingia salama na kwamba kosa lilitokea baadaye. Nambari ya siri na nywila asimpe mtu yeyote, hata kijana mwema wa saiba, hata mimi.

Barua ya namna hiyo ndiyo iliyomwokoa msichana wetu. Tuliiandika pamoja jioni ile, akaambatisha picha alizokuwa amezipiga mchana, na baada ya siku mbili akaongezewa muda. Alilipa, akapokewa.

Yule fundi aliniomba nimpe sentensi ya Kiswahili ya kuweka mahali pa ile ya Kiingereza. Nilimwandikia hivi: "Tumeshindwa kujitambulisha kwa lango la malipo. Kosa ni letu. Nywila yako haina tatizo na hujakatwa pesa. Tafadhali usiibadilishe." Alinishukuru, akasema ni sharti aipeleke kwa wakubwa wake kwanza. Majuma matatu baadaye msichana alinionyesha ukurasa ule. Sentensi zangu zilikuwapo, kwa Kiswahili sanifu, isipokuwa ile ya pili.