Kupima si kuthibitisha

Kasiteriti ya Kalima, katika Maniema yetu, hutoa bati, na bati hutumika kulehemu chipu za kompyuta. Kabla chipu haijauzwa, wahandisi huifanyia kazi mbili ambazo sisi kwa mazoea huziita "kujaribu". Kupima huuliza: je, kipande hiki kimefuata mchoro? Kuthibitisha huuliza: je, mchoro wenyewe ni sahihi?

Mwaka 1994, huko Marekani, profesa wa hisabati Thomas Nicely aligundua kwamba chipu ya Pentium ilikosea kugawanya baadhi ya namba. Chipu zilifuata mchoro. Mchoro ndio uliokosa baadhi ya thamani katika jedwali la kugawanya. Intel ilipata hasara ya dola milioni 475.

Mfasiri akitumia neno moja kwa kazi zote mbili, msomaji hataelewa kosa lilipita wapi.