UZI: Mtoto anakohoa Masalani. Ni kazi ya nani?

Juzi kwenye kikao cha wagombea hapa Masalani, mama mmoja alisimama na mtoto mgongoni akauliza kuhusu taka zinazochomwa kila jioni karibu na nyumba yake. Jibu la mezani: "Mama, hayo mazingira ni mambo ya Nairobi." Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilikuwa pale na sikusema kitu, ndiyo maana naandika hapa.

Sitaji mtu wala chama. Mkitaja huko chini ni juu yenu.

Fungueni Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili. Hizo ni kazi za kaunti. Nambari 2 ni afya, na ndani yake mmeandikiwa kuzoa taka, majaa na utupaji wa taka ngumu. Nambari 3: kudhibiti uchafuzi wa hewa. Serikali ya kitaifa ina kazi yake ya sera, na NEMA ipo, lakini jaa la mtaani linaanzia kaunti. Kwa hivyo lile jibu halikuwa kweli.

Hoja ya pili huwa haikosi: "Sisi tulikulia kwa moshi na tuko wazima." Haya. Anayesema hivyo ni yule aliyebaki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Wengi wa hao watoto ni nimonia. Nyumbani tunasema tu "kifua kilimbana."

Kwa nini mtoto ndiye anaumia zaidi? Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mtoto mchanga ni 40 hadi 60. Sasa muweke mgongoni mwa mamake, mama ameinama kwa mafiga, kuni za mathenge hazijakauka vizuri. Hapo mtoto ukilinganisha na uzito wake anavuta moshi mwingi kuliko sisi wote, na mapafu yake bado yanajengwa. Hata kabla ya kuzaliwa hayuko salama. Kaboni monoksaidi ya makaa hukamata damu ya mama na kuchukua nafasi ya oksijeni, basi mtoto tumboni anapata pungufu na anaweza kuzaliwa na uzito mdogo.

(Na uunsi je? Najua mtanitukana, hasa kina ayeeyo. Uunsi ni makaa pia. Sisemi muache, nasema dirisha lifunguliwe na mtoto mchanga atolewe chumbani kwanza.)

Ukisema "tumieni gesi" umesema jambo la maana, lakini angalia siasa yake. Julai 2021 gesi ya kupikia iliwekewa VAT ya asilimia 16. Mwaka uliofuata ikashushwa hadi 8, na 2023 ikaondolewa. Kila mmoja alijisifu kwa zamu yake. Huku kwetu ushuru si tatizo peke yake: mtungi unasafirishwa mbali, na mvua ikinyesha barabara inakatika. Kwa hivyo mgombea akikuahidi gesi, muulize itafikaje Masalani wakati wa mafuriko ya Tana.

Kuna sumu nyingine ambayo haina moshi wala harufu, nayo ni risasi. Siku hizi sola imeingia kila boma, na hiyo ni baraka, lakini betri zikifa zinapasuliwa uani na watoto wanachezea vipande. Mtoto akimeza risasi, mwili wake unaichukua mara nne au tano zaidi ya mtu mzima, kwa sababu unaidhania ni kalisi. Inaingia mifupani na kwenye ubongo. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mara nyingi haonyeshi ugonjwa wowote, anakuwa mzito tu wa kushika masomo, mwalimu anamwita mvivu.

Mkidhani ni hadithi, kumbukeni Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilikuwa ukutani kwa makazi ya watu. Phyllis Omido alifanya kazi pale, mtoto wake akaugua, vipimo vikaonyesha risasi. Kiwanda kilifungwa 2014. Mahakama ikawapa wakazi shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, rufaa ikaifuta fidia hiyo 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Taasisi za serikali pia zilibebeshwa lawama, si mwenye kiwanda peke yake. Hesabu miaka: mtoto aliyekuwa wa miaka mitatu kiwanda kikifungwa, sasa ni kijana.

Hapa Masalani hatuna kiwanda cha kupeleka kortini. Tuna jaa, jiko na betri, na hakuna hata kimoja kinachohitaji jaji. Jaa lihamishwe mbali na nyumba na likome kuchomwa. Kuwe na mahali pa kurudisha betri. Hiyo ni bajeti ya kaunti, na bajeti ina vikao vya wananchi ambavyo huwa tunaviacha vitupu.

Kikao cha wagombea kinarudi wiki ijayo. Yule mama nimempa karatasi: Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, nambari 2 na 3. Amesema ataisoma yeye mwenyewe.